Jibu Namba Nne

Jumatatu, 5 Mei

Salamu leo zimeisha saa mbili na dakika tano. Maendeleo makubwa. Zamani Mzee Safari wa Masakta akishaamka na kuandika "Hamjambo wanangu", kundi zima la simu linamwamkia shikamoo mmoja mmoja, naye anaitikia marahaba mmoja mmoja, na ikifika saa nne bado tunasalimiana. Aliyeuliza dawa ya wadudu alfajiri, swali lake limeshafukiwa na salamu. Nikaweka sheria: salamu mwisho saa mbili. Mzee Safari alinuna wiki nzima, kisha akazoea.

Maswali ya leo mawili. Yote ya zamani. Punje ya kitunguu saumu ipandwe ncha juu au ncha chini? Jibu namba moja. Samadi mbichi inafaa? Namba tatu. Niliandika namba tu, wakashukuru, tukaendelea na kazi. Nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na moja. Mtoto akiuliza swali la jana humfundishi upya. Unamwonyesha ubao.

Jioni nimepalilia mistari yangu sita ya shamba la juu. Baridi imeanza kweli kweli. Saumu imesimama vizuri. Upande wa mfereji rangi imefifia kidogo.

Jumanne, 6 Mei

Niliandike hili mahali fulani, maana hakuna atakayeniandikia. Kundi la saumu nililianzisha mimi. Tulikuwa kumi na mmoja, wote wa hapa Daudi, nusu yao niliwafundisha kusoma. Sasa tuko zaidi ya mia tatu, kutoka Tumati mpaka Masakta kule Hanang. Majibu kumi na nane nimeyaandika kwa mkono wangu, nikayapanga kwa namba, nikayabandika juu ya kundi. Bwana shamba wa kata, kijana wa kutoka Kigoma, aliniomba ayatumie kwenye mafunzo yake. Nilimpa. Niliringa siku tatu. Hata leo bado naringa kidogo.

Magunia ya mbegu ya pamoja yameshafika kwa wote. Mfanyabiashara ni wa nje ya mkoa, nilimtafuta mimi. Punje nene, ganda la zambarau, si kama vile visaumu vyetu vya zamani vilivyokuwa vikining'inia juu ya jiko. Kundi zima litapanda Jumatatu ya tarehe 26, mvua ikishapungua. Zamu za maji zimepangwa. Niliyetangulia ni mimi. Mwezi wa tatu mfanyabiashara alituletea gunia moja la majaribio, tukagawana na mwenzetu mmoja wa Tumati. Mimi nikapanda mistari yangu sita.

Ijumaa, 9 Mei

Mgeni kundini. Namba tu, bila jina. Picha yake ni ya msichana mdogo aliyefungwa utepe kichwani, anacheka. Ujumbe wa kwanza: "Habari zenu. Niko Tumati. Saumu yangu inakuwa manjano kuanzia majani ya chini. Nimeweka picha."

Hakuna shikamoo. Na swali lenyewe ndilo linaloongoza kwa kurudiwa. Majani manjano, majani manjano, kila wiki. Kabla sijashika simu, watu kumi na wawili walikuwa wameshamjibu: namba nne. Mmoja aliiandika kwa herufi nene. Namba nne inasema manjano ni njaa. Weka mbolea, punguza maji.

Mimi niliongeza mstari mmoja: "Karibu, binti. Humu tunasalimia wakubwa kwanza." Akajibu: "Sawa. Ahsante."

Nimeona fahari. Sikuwapo na darasa limejibu lenyewe.

Jumatatu, 12 Mei

Yule wa utepe amerudi. Anasema yanayoagizwa na namba nne alishayafanya tangu mwezi uliopita, na hali inazidi. Kaweka picha nyingine. Watu wakamwambia asome tena polepole. Paskali, msaidizi wangu wa kundi, mwanafunzi wangu wa zamani na jirani yangu wa chini kwenye mfereji, kaandika: "Mdogo wetu, saumu si kabichi, inataka subira." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka.

Siku yenyewe nzuri. Maziwa yametosha. Mahindi ya chini yamekomaa.

Jumatano, 14 Mei

Mara ya tatu. Safari hii hakuuliza. Ameandika hivi: "Naomba mmoja wenu aangalie picha."

Nimekasirika. Anatufanya vipofu. Sheria ya saba: swali likiletwa mara ya tatu linafutwa. Nikafuta. Nikamwandikia pembeni kwamba humu kuna utaratibu, na kwamba wageni wenzake wote wameufuata.

Saa kumi jioni ametoka kwenye kundi. Afadhali.

Jumamosi, 17 Mei

Nimeng'oa mche mmoja upande wa mfereji. Sikuvuta. Niliushika tu, ukaja. Hauna mizizi. Chini kuna utando mweupe kama pamba, na ndani ya utando vitone vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha. Unanuka.

Nimeng'oa wa pili. Vilevile. Wa tatu mzima. Wa nne vilevile.

Nimenawa mikono mara mbili. Sijamwambia mtu. Nimeketi jikoni nikasoma majibu yangu kumi na nane, moja baada ya jingine, kama vile yameandikwa na mtu mwingine. Hakuna hata moja linalotaja kitu hiki.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu mistari sita.

Niliporudi niliandika swali kundini. Nikalifuta kabla ya kulituma. Nikaandika tena, nikafuta. Mwalimu aulize? Watasemaje? Hayo ndiyo niliyoyawaza, na ninayaandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye kwamba niliwaza mengine.

Ndipo nikakumbuka picha za yule wa Tumati. Ujumbe wake wa tatu niliufuta, lakini ile miwili ya kwanza bado ipo. Simu yangu haifungui picha yenyewe, nimeifunga ili kuokoa bando. Picha zake zote mbili zilikuwa bado na ukungu, na kile kimshale katikati. Sikuwahi kuzigusa. Nikaigusa ya kwanza.

Utando mweupe. Vitone vyeusi. Na mkono ulioshika mche. Mishipa imetokeza, ngozi imekunjamana, kidoleni pete nyembamba iliyobana. Mkono huo si wa binti.

Jumatatu, 19 Mei

Nimemuuliza Paskali, kama utani, kama aliwahi kufungua zile picha za mgeni wa Tumati. Hakufungua. Nikawauliza wengine wanne kati ya wale kumi na wawili. Hakuna. Kila mmoja alidhani mwenzake ameangalia. Tumejibu picha ambayo hakuna aliyeiona.

Nimempigia mgeni mwenyewe mara tatu. Hapokei. Sishangai.

Nimepiga simu Tumati kwa yule mwenzetu niliyegawana naye gunia la majaribio. Kwetu mgeni akianza kulima, jirani humpa mbegu ya kuanzia, ndiyo karibu yenyewe. Nilimuuliza alimpa nani. Alisema alimpa nesi mpya wa zahanati, makopo mawili. Alijibu kwa furaha. Mbegu yenyewe ni ile yangu.

Ina maana mbegu ya majaribio ndiyo mbaya. Na magunia ya wote yametoka kwa mtu yuleyule. Tarehe 26 ni wiki ijayo.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda Tumati. Pikipiki mpaka mjini, nyingine mpaka zahanati. Matope, mgongo unauma.

Nikauliza nesi mgeni yuko wapi. Akatoka mama wa gauni jeupe, mnene kidogo, mvi zimejaa pembeni mwa kofia. Niliduwaa. Kisha nikafanya kile ambacho mwalimu yeyote wa wilaya hii angefanya. Nikapiga goti kidogo nikasema shikamoo dada.

Alimaliza kufunga faili lake. Halafu: "Marahaba, Mwalimu."

Anaitwa Zuhura. Ana miaka hamsini na minane. Mimi hamsini na sita. Msichana wa kwenye picha ni mjukuu wake. Hakuniamkia kundini kwa sababu alikuwa anasubiri kuamkiwa yeye, na sisi tukamwita binti, mdogo wetu, kabichi. Nimeona aibu mpaka masikio yamepata moto.

Ametoka Lindi. Mume alikufa, watoto wametawanyika. Anastaafu baada ya miaka miwili na hataki kurudi. Ameupenda ubaridi wa huku, ameshapata kiwanja, na saumu ndiyo ingemkimu. Akanipeleka shambani nyuma ya zahanati. Nusu imelala chini. Alisema neno moja tu kuhusu kundi, na nimelibeba njia nzima kurudi nyumbani: "Kila anayekuja kwangu ana homa. Nikimwambia kila mmoja asome namba nne, nitazika wengi."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeweza kubishana naye.

Jumatano, 21 Mei

Bwana shamba amekuja na mikoba yake. Nimempa mche wangu na mche wa Zuhura kwenye mfuko. Aliangalia kwa kioo chake cha kukuzia, akampigia mwenzake wa chuoni, wakaongea muda mrefu. Akarudi kwangu anaongea polepole, kama watu wanavyoongea msibani.

Ni ukungu wa mizizi. Hauna dawa dukani kwetu. Vile vitone vyeusi vinalala udongoni miaka mingi, hata ishirini, vikingoja saumu au kitunguu. Vinatembea kwa mbegu, kwa jembe, kwa viatu na kwa maji.

Kwa maji. Shamba langu la juu ndipo mfereji unapoanza kugawanyika. Chini yangu yuko Paskali, na chini ya Paskali wako wengine wote.

Nikamletea gunia langu la mwezi huu, ambalo sijalipanda. Akachagua vichwa kumi. Kimoja kina vitone.

Akaniuliza nani wengine wana mbegu hii. Nikamwambia wote.

Alhamisi, 22 Mei

Siku mbaya kuliko zote nilizoishi tangu nistaafu.

Niliwaza kunyamaza. Ningeng'oa yangu kimya kimya, ningewaambia mvua bado ni nyingi, tusogeze mbele, halafu mwezi wa sita ningetafuta sababu nyingine. Mbegu ingeoza kwenye stoo za watu na jina langu lingebaki zima. Nilikaa na mawazo hayo tangu chai mpaka adhuhuri. Mwalimu wa watu mia tatu.

Kisha nikaandika. Niliandika bila namba. Nilisema mbegu niliyowatafutia ina ugonjwa, msipande hata punje moja. Nilisema aliyeugundua ni mama Zuhura, muuguzi wa Tumati, mtu mzima anayenizidi umri, na alituonyesha mara mbili na mara ya tatu nikamfuta mimi. Nikabandika picha yake na yangu pamoja, nikaomba kila mtu azifungue hata kama bando linaisha.

Robo saa ikapita.

Halafu kelele. Kwamba nimewaletea ugonjwa. Kwamba nilijifanya najua. Watatu wametoka. Wengine wanasema watapanda tu, Mungu atajalia. Jioni Paskali akauliza, kwa adabu yake yote: "Mwalimu, shikamoo. Na yale ya kwako huko juu, unayang'oa lini?"

Swali zuri. Ndilo swali pekee la siku.

Ijumaa, 23 Mei

Nimejibu: kesho saa tatu. Atakayependa aje aone. Aje na gunia lake.

Usiku sikulala vizuri. Babu yangu ndiye aliyelifyeka shamba lile la juu. Nilitaka mwanangu wa pili alipate likiwa na saumu.

Jumamosi, 24 Mei

Niandike yote kabla sijasahau.

Zuhura alifika kwanza. Sikumwita. Alisoma ujumbe kwa simu ya yule jirani yake aliyempa mbegu. Alikuja na glovu zake na ndoo, akachora mstari kwa fimbo kwenye mlango wa shamba na kusema hakuna mtu atakayevuka na kutoka bila kuosha viatu. Wanaume wazima wa Daudi walisimama foleni wakaosha viatu. Hakuna aliyebisha. Bwana shamba alikuja kusimamia na kukuta kazi imeshasimamiwa.

Nilianza mstari wa kwanza peke yangu. Mstari wa pili Paskali akaingia, akainama upande wa pili, tukakutana katikati. Kuanzia wa tatu walikuwa wengi. Mistari sita iliisha kabla jua halijafika utosini. Kazi ya miezi miwili.

Tukaziba mchepuko wa mfereji kwa mawe na udongo ili maji yasipite tena shambani kwangu. Tukachimba njia mpya, sasa yanazunguka kwa juu na kumfikia Paskali moja kwa moja. Uchimbaji huo peke yake ulikuwa msaragambo wa watu ishirini.

Tulipochimba shimo la kuchomea, watu walisimama na magunia yao pembeni. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Nami nilielewa. Mbegu nzuri machoni, nene, na unaambiwa uitie moto.

Mara kule barabarani akatokea Mzee Safari. Kutoka Masakta. Alitoka nyumbani giza halijaisha, akabadili magari, na kipande cha mwisho akatembea, gunia begani, na ana miaka sabini na kitu. Sikuwahi kumwona ana kwa ana. Nilikuwa namjua kwa salamu zake tu. Watu wote wakaacha majembe. Shikamoo Mzee, shikamoo Mzee. Akapita kwa kila mmoja, akimpa mkono, akimuuliza nyumbani, ng'ombe, watoto, na kila mmoja akaitikiwa. Ilichukua karibu saa nzima. Sikuangalia saa hata mara moja. Alipomfikia Zuhura alivua kofia, akasema pole kwa Kiswahili, kisha akaongeza maneno ya Kimbulu ambayo Zuhura hakuyaelewa. Nilimtafsiria. Alisema: kwetu mgeni hukaribishwa kwa mbegu, na tumekupa mbegu yenye ugonjwa, kwa hiyo bado hatujakukaribisha.

Halafu akalitupa gunia lake shimoni. La kwanza.

Baada ya hapo yalikwenda yote. Harufu ya saumu inayoungua imekaa kwenye nguo zangu mpaka sasa ninapoandika. Nimelia, nilisingizia moshi. Nimejivunia watu hawa kuliko nilivyowahi kujivunia matokeo ya mtihani wowote.

Jumapili, 25 Mei

Mguu umevimba. Nimekosa misa.

Zuhura amerudi kundini. Safari hii nilimtangaza mwenyewe, kwa jina, kwa kazi na kwa umri. Shikamoo zilianza saa moja na kumalizika saa tano. Sheria ya saa mbili sikuitaja. Naye aliitikia marahaba zote bila kuchoka, na nadhani alizifurahia, maana kwenye moja aliweka kicheko.

Nimemwomba achukue mlango. Yeye ndiye atakayepokea wageni. Alikataa kuitwa kiongozi. Akasema atakuwa mapokezi, kama zahanati. Leo wameingia wawili. Nimemwangalia anavyofanya. Anaandika: karibu, unaitwa nani, uko wapi, umeona nini? Anasubiri. Kisha anauliza tena, tangu lini? Swali la tatu ndilo lililonishangaza. Ulishafanya nini mpaka sasa? Miaka yote hii sikuwahi kumuuliza mgeni alichokwisha kufanya.

Mmoja wao alikuwa na njaa tu shambani, manjano ya kawaida. Zuhura akafungua picha, akamwomba Paskali naye aifungue, wakakubaliana. Ndipo akampa namba nne. Kwa hiyo namba nne bado nzuri. Nimefarijika kusema kweli. Nilikuwa naogopa kwamba majibu yangu yote yatatupwa.

Jumatano, 28 Mei

Wale watatu waliotoka, wawili wamerudi. Wa tatu nimesikia amepanda. Yuko mbali na mfereji wetu. Paskali na bwana shamba watamwendea kesho. Nilitaka kwenda mimi. Paskali amesema, Mwalimu, ukienda wewe atapanda na kipande kilichobaki. Ana haki.

Ijumaa, 30 Mei

Amekubali kung'oa. Sijui Paskali alimwambia nini. Anasema walisalimiana tu mpaka mtu akachoka.

Alhamisi, 5 Juni

Habari kutoka Masakta. Mzee Safari amepita nyumba kwa nyumba akikusanya visaumu vyetu vya zamani, vile vidogo vya juu ya jiko ambavyo mimi niliwaambia watu waachane navyo. Vina moshi, vina vumbi, ganda gumu. Bwana shamba amevikagua viwili viwili kwa kioo chake. Safi. Vimeletwa kwa gari la mahindi, mifuko minane.

Havitoshi wote. Tumevigawa kundini hadharani, kila mtu akasema shamba lake lilikuwaje na kama lilikaribiana na maji mabaya. Mwenye udongo wenye shaka hakupewa. Hakuna aliyedanganya, ninavyojua, na mmoja alijitoa mwenyewe kwa sababu alikumbuka kuazima jembe langu mwezi wa nne. Mtu kama huyo unamfundisha nini tena?

Zuhura amepata. Yule jirani yake wa Tumati, aliyempa makopo mawili ya balaa, amempimia kipande ng'ambo ya pili ya kilima, ambako maji hayatoki upande wetu. Akaja kumlimia mwenyewe na wanawe wakubwa. Lile la nyuma ya zahanati litapandwa viazi.

Mimi sikuomba. Paskali aliniuliza kundini kama nina kipande kingine. Nikasema sina, na ni kweli. La chini ni la mahindi, nimelilima kwa jembe lilelile, na mteremko wake unaelekea mtoni.

Jumatatu, 9 Juni

Jibu namba kumi na tisa limeandikwa. Zuhura ameliandika, mimi nimesahihisha nukta mbili tu. Picha ni ile yake, pamoja na mkono. Mwishoni ameongeza kwamba atakayeona kitu kisichokuwamo humu asidhani amekosea. Nilitaka kuukata mstari huo kwa sababu si wa kilimo. Nimeuacha.

Jumamosi, 14 Juni

Wanapanda leo. Asubuhi kulikuwa na ukungu, ukapanda kidogo kidogo, nikawaona huko chini wameinama kwenye mistari, wanawake mbele na wanaume wakifuata kwa kufukia. Maji yanapita kwa njia mpya. Hayasikiki tena kutoka jikoni kwangu.

Zuhura alipiga saa nne kuniambia amemaliza nusu. Nilimsikia anahema. Akaniuliza, itachukua muda gani mpaka shamba langu la juu lipandwe saumu tena. Nikamwambia kwamba kwa hesabu ya bwana shamba, mimi na yeye hatutafika. Akasema basi watafika wengine. Kisha akaniambia nisimpotezee muda, ana mistari minne imebaki.

Mchana nilikwenda mpaka ukingoni kuwaangalia. Paskali alinyoosha mgongo, akanipungia mkono, akaendelea. Nilikaa pale muda mrefu. Punje zilikuwa ndogo, lakini walizipanga vizuri, nafasi sawa, ncha juu zote, na hakuna aliyenihitaji. Nilijisikia vizuri sana.

Kisha nikarudi juu nikashika jembe. Mwaka huu nina maharage.